Pointi Kumi na Mbili za Namswea

Editha,

Mama yako amekwisha kukupa maagizo ya sweta, ya chakula cha njiani na ya kutomwamini mtu yeyote anayejitolea kukubebea begi stendi ya Morogoro. Hapo sina la kuongeza. Umeteremka Lundo kumuaga bibi yako, basi lako ni kesho asubuhi, na nimebaki nyumbani peke yangu mpaka urudi na mama yako. Nakuandikia kwa sababu wiki tatu zilizopita uliniomba kitu na mpaka leo sijakupa.

Ulikuwa umesimama mlangoni na simu mkononi. Ukaniuliza, "Baba, lile daftari lako la mafuko bado unalo?" Nikasema nitalitafuta. Ukacheka. "Baba, wewe unatunza hata tiketi za basi. Litakuwepo tu." Ukanieleza kwamba kazi yako ya kwanza kule ni kuchora upya ramani ya kutabiri makazi ya fuko wa milima yetu na mteremko wa kwenda ziwani. Kwamba pointi kumi na nne za zamani zimo tayari kwenye kompyuta zenu, zimeandikwa "zimethibitishwa", na ndizo msingi wa kazi yote. Mlichotaka kwenye daftari langu ni maelezo ya ziada.

Sikulitafuta. Nilijua lilipo: droo ya chini ya meza yangu, tangu ulipokuwa darasa la tatu.

Pointi kumi na mbili kati ya hizo kumi na nne ni za uongo. Nilikuwepo zilipotungwa. Nilizitafsiri kwa Kiswahili kizuri, kisha nikaziandika gazetini, na watoto wawili wakafa. Nitakueleza kwa mpangilio, kama nilivyozoea kueleza mambo ya watu wengine.

Wataalamu walikuja watatu na gari moja, baada ya mvua za kwanza. Kiongozi wao tulimwita Daktari, mtu mpole, mgeni wa mkoa huu, aliyekuwa akiomba radhi kila alipokanyaga tuta la mtu. Walikuwa wanamtafuta fuko mdogo wa rangi ya majivu, mwenye doa jeupe utosini, ambaye walidhani hapatikani popote ila kwetu. Sisi fuko hatukuwahi kumtafuta kwa sifa. Unamjua kwa vifusi vya udongo anavyoviacha shambani, na kwa muhogo unaoung'oa ukakuta limebaki ganda. Kwenye ngoro ni adui kamili. Unazijua zile siku za kuchimba mashimo mteremkoni, kulaza majani, kufukia, kupanda maharage juu ya matuta. Fuko akitoboa tuta, maji ya shimo la juu yanaingia shimo la chini, tuta linabomoka, na kazi ya miezi inaondoka na mvua ya mchana mmoja.

Daktari alinichukua niwe mkalimani kwa sababu nilizaliwa Namswea na nilikuwa naandikia gazeti. "Mimi nahitaji vitu viwili tu," aliniambia. "Mnyama, na mahali alipokamatwa. Na kati ya hivyo viwili, mahali ndiyo kubwa." Akanieleza kwa subira. Kila mahali panakuwa pointi. Kompyuta inaangalia pointi zote zinafanana katika mambo gani: mwinuko, mteremko, mvua, udongo, majani. Halafu inatafuta sehemu nyingine zenye hali hiyo na kuzipaka rangi, njano pale inapobahatisha, nyekundu pale inapoamini. "Hatusemi yupo," alisema. "Tunasema anaweza kuwepo." Niliiandika sentensi hiyo na kuipigia mstari. Haya unayajua kuliko mimi. Nayaandika ili uone kwamba na mimi niliyajua, siku ile, kabla ya lolote kutokea.

Jumapili iliyofuata ukoo wetu ulikula sengu kwa baba yako mkubwa Kornel. Wewe umeikuta sengu imebaki ya sikukuu na misiba. Wakati ule wanaume wa ukoo bado walikula pamoja kila wiki, kila mke akileta sahani yake, na mambo ya ukoo yaliamuliwa mikono ikiwa kwenye ugali. Linalosemwa sengu halitoki nje. Leo nalitoa, na sijamwomba mtu ruhusa.

Efrem alikuwa ameketi karibu na mlango. Yeye ni binamu yangu na ndiye mtegaji bora wa mafuko niliyepata kumwona. Anatumia fimbo inayopindwa na kitanzi cha kamba, na hakosi. Wataalamu walikuwa wamemwagiza mafuko na alikuwa nao tayari kumi na nne, kila mmoja kwenye kopo lake lenye udongo na kipande cha muhogo.

"Wanataka niwaonyeshe mashimo," alisema. "Niseme wapi?"

"Unauliza?" Kornel akamjibu. "Si umewakamata kwangu, kwenye ngoro za mke wangu?"

"Kwako, kwa Menas, na kwangu. Wawili tu ndio nimewatoa ng'ambo ya kijito."

"Basi ukitaja kwangu, Efrem, sahani ya mke wangu utaisikia harufu tu."

Watu walicheka, lakini hapakuwa na mzaha ndani yake. Kila mtu mle alikuwa na ndugu, au rafiki wa ndugu, aliyewahi kuambiwa ahame kwa ajili ya msitu au mnyama. Kornel alinawa, akasema, "Mtu wa ofisi akishakuuliza mnyama analala wapi, safari ijayo anakuja kukuuliza wewe una mpango wa kulala wapi."

Menas ndiye aliyetoa wazo. "Tuseme wote wametoka ng'ambo. Ntambo ya akina Hilari. Pale kuna nani wa kuhamishwa?"

Unajua ntambo: mgongo mzima wa mlima, kijito huku na kijito huku, wa ukoo mmoja tangu babu. Akina Hilari walishateremka ziwani kuvua miaka mingi, mgongo wao ukabaki pori. Kila mtu aliona jawabu limepatikana. Ilikubaliwa kabla maharage hayajaisha kwenye sahani.

Mimi nilijua kuna mtu. Siku chache kabla nilipita pale na pikipiki nikaona nyumba mpya, imechimbiwa ubavuni mwa mlima kama watu wetu wanavyofanya, ukuta wa nyuma umeegemea udongo. Mwanamke alikuwa anaanika mahindi. Watoto wawili walinikimbilia wakipiga kelele, "Pikipiki! Pikipiki!" Mwenye nyumba alikuwa Otmar, mjukuu wa Hilari, amerudi kutoka ziwani kulima ardhi ya babu yake.

Nilifungua mdomo. Kornel akaona. "Mwandishi, una neno?"

"Sina," nikasema.

Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ile ilikuwa nyumba moja na sisi tulikuwa ukoo mzima. Ya pili ni kwamba mimi ni mwandishi, na kazi yangu si kuwaamulia watu waseme nini. Sababu hii ya pili nimeitumia mara nyingi kazini, na mara nyingi ilikuwa ya haki. Siku ile niliitumia kujifichia. Ukisikia umeanza kujieleza kwa kutaja kazi yako, simama kidogo uangalie ni nani anayelipia maelezo hayo.

Pointi mbili za kwanza ni za kweli. Tulipanda hadi kwenye vifusi vyenyewe, nyuma ya nyumba ya Otmar, Daktari akapiga magoti na kifaa chake akasubiri kisome vizuri. Winfrida, mke wa Otmar, alituletea maji ya kunywa. Kisha mvua ikaanza, na haikuacha kwa siku tatu. Njia ya ng'ambo ikawa tope tupu, gari likakwama, na siku za wataalamu zikawa zinaisha. Zile kumi na mbili zilizobaki zilichukuliwa tukiwa barabarani, upande wetu wa kijito, chini ya mwavuli. Efrem anainua kopo, ananyosha kidole, Daktari anatia alama kwenye ramani.

"Na huyu, mzee?"

Efrem akaniambia kwa Kimatengo, "Mwambie kule kule. Na afanye upesi, huyu ana meno."

Nikatafsiri: "Anasema mteremko ule ule, juu kidogo ya yule wa kwanza."

Hayo ya "juu kidogo ya yule wa kwanza" Efrem hakuyasema. Niliyaweka mimi, ili pointi zisirundikane mahali pamoja na Daktari akaingiwa na shaka. Ukiziangalia kwenye kompyuta yenu utaona zimetawanyika vizuri, kama mafuko wanavyotawanyika. Ni kazi yangu. Nilikuwa naujua mgongo ule na nilizipanga kwa akili.

Daktari aliuliza mara moja tu. "Wote mlima mmoja? Ajabu kidogo."

"Udongo wa pale laini," nikasema.

Akaandika: udongo laini.

Nimeishi na watu wengi waongo kwa sababu ya kazi hii, na nitakwambia nilichojifunza juu yao kwa kujiangalia mwenyewe. Uongo wa mtu aliyeogopa kama Efrem ni mfupi, unamtoka haraka, ukimuuliza mara ya pili anababaika. Uongo wa kuogopwa ni ule uliopangwa na mtu asiyetishwa na chochote, mwenye lugha nzuri. Huo hauna mahali pa kushika. Utakapokuwa unapokea pointi za watu, usiishie kuangalia kama zinapendeza. Muulize aliyezileta alikuwa amesimama wapi.

Ramani ilifika baada ya miezi kadhaa. Kompyuta haikukosea hesabu hata kidogo. Ilichukua tulichoipa, ikaona fuko anapenda mgongo mkali uliolala pori, na ikaupaka mgongo wa akina Hilari wekundu wa kukolea. Sehemu za kwetu, alikokuwa amejaa, zilibaki nyeupe.

Niliandika habari. Kichwa nilichopeleka kilisema huenda fuko adimu anaishi Namswea. Mhariri akanipigia.

"Mzee, hili 'huenda' linakula nafasi. Yupo au hayupo?"

"Ramani inatabiri."

"Sijakuuliza ramani. Wewe umemwona?"

"Nimemwona."

"Basi yupo."

Na kweli nilikuwa nimemwona. Habari ikatoka bila "huenda", ramani pembeni yake, na hakuna sentensi ndani yake ambayo wangeweza kunishtaki nayo.

Gazeti lile lilisomwa Namswea kuliko gazeti lolote kabla yake. Kufikia mwisho wa wiki watu walikuwa wanasema nyekundu ni hifadhi. Wengine walisema magari ya kuhamisha watu yameonekana Mbinga mjini. Mtendaji wa kata alisimama baada ya misa akasema hakuna kitu kama hicho. Mtu mmoja nyuma akamjibu, "Mheshimiwa, wewe una mdomo, lile lina rangi," na watu wakarudi nyumbani wakiamini rangi.

Otmar alinifuata mjini. Alikuja kwa miguu; nilijua kwa viatu vyake, vilikuwa na tope mpaka juu. Nilikuwa pale nje ya nyumba yetu, kwenye benchi. Alikuwa kijana wa adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu."

Akalikunjua gazeti gotini. "Samahani, mzee. Hii nyekundu ni kwangu?"

"Ni ramani ya kutabiri," nikasema.

"Inatabiri kwamba nitahamishwa?"

"Inatabiri kwamba fuko anaweza kuwepo."

"Na asipokuwepo?"

"Asipokuwepo, basi ramani imekosea."

Uso wake ulifunguka. Akalikunja gazeti kwa uangalifu akanishukuru, akasema nimemsaidia sana. Nilimwangalia akishuka kuelekea sokoni. Ningeweza kumwita. Jibu langu lilikuwa sahihi na niliridhika nalo, na kuridhika huko ndiko ninakokukumbuka kuliko hata sura yake.

Alipita duka la pembejeo akachukua vidonge vya kuhifadhia mahindi. Watu walikuwa wanavitumia kuua panya mashimoni, ingawa havikutengenezwa kwa kazi hiyo. Alitaka wataalamu wakirudi wasikute fuko hata mmoja, ili ramani iwe imekosea. Alizunguka mgongo wake siku mbili, akitia vidonge kila shimo na kuziba kwa udongo wa mfinyanzi, akishindilia kwa mguu. Aliziba vizuri mno. Hewa ya vile vidonge ilipokosa pa kutokea juu, ilifuata njia za mafuko chini kwa chini. Njia mojawapo ilikuwa inapita nyuma ya ukuta ulioegemea mlima. Upande wa pili wa ukuta huo ndipo watoto walipokuwa wanalala, kwenye mkeka, chini.

Agata alikuwa na miaka tisa. Denis alikuwa na minne. Winfrida alikwenda kuwaamsha kwa uji.

Nilifika kabla ya polisi, kwa kuwa nilikuwa na pikipiki. Nilifanya kazi yangu. Niliuliza majina, umri, saa. Niliandika kwamba ukutani karibu na sakafu kulikuwa na ufa unaoweza kuingiza kidole. Otmar alikuwa ameketi kwenye tuta la ngoro ambalo hakulimaliza, na kila mtu aliyekuja alimweleza jambo moja tu: "Nilivitia nje. Nilivitia nje, sikuvitia ndani." Kornel na wazee wengine wa kwetu walikuja wote. Walichimba makaburi, walibeba, walilisha msiba siku nzima. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Habari yangu ilikuwa aya tatu. Watoto wawili, sumu ya kuhifadhia nafaka, polisi wanawaasa wananchi. Haikutaja ramani wala fuko. Kila neno lilikuwa kweli. Ndiyo habari yangu iliyosifiwa kuliko zote mwaka ule. Watu wa idara ya afya waliipiga chapa wakaibandika zahanati.

Mama yako aliisoma mezani. Akalikunja gazeti akasema, "Umeandika vizuri. Wewe uko aya ya ngapi?" Nilikuwa nimemweleza yote. Hakuuliza tena, wala hakunisamehe kwa namna ambayo naweza kukuonyesha. Ameishi na mimi, hilo ndilo ninaloweza kuthibitisha. Wewe uliingia ukaona picha ya nyumba ukauliza, "Baba, walikuwa wanaumwa?" Ulikuwa na miaka tisa. Nikasema, "Ndiyo."

Huo nao ni uongo wangu. Uufute kichwani.

Polisi walimshikilia Otmar, kisha wakamwachia. Aliteremka ziwani. Wako wanaosema alivuka kwenda Msumbiji, wako wanaosema hakufika. Nimejaribu kufuatilia mara mbili, kikazi, na sikupata mtu aliyemwona kwa macho yake. Daktari hakurudi. Namba yake ya simu ilikuwa kwenye jalada la daftari, na kwa miaka hii yote ningeweza kumpigia nikamwambia afute kumi na mbili. Sikupiga. Nilijiambia ni ramani ya zamani, hakuna atakayeitumia tena. Halafu ukasimama mlangoni ukaniambia ndiyo msingi wenu.

Mwezi huu umeniona natoka asubuhi na fimbo, ukanitania kwamba nimeanza mazoezi ya wastaafu. Nilikuwa na Efrem. Amezeeka, jicho moja halioni, lakini miguu yake inakumbuka. Tulipita ngoro za Kornel, za Menas, zake mwenyewe, na mbili za upande wa Kitura ambako aliwahi kutega kwa siri bila kumwambia mwenye shamba. "Hapa," anasema, anachoma fimbo. "Huyu alikuwa jike, alinikwepa siku mbili." Kati ya kumi na wawili amewakumbuka tisa bila kubabaika. Watatu hakuwakumbuka. Nilimshawishi kidogo, kwa mazoea, nikamwambia jaribu tu kukisia. Akanikemea: "Wewe hujatosheka?" Hao watatu nimewaachia nafasi tupu.

Nilipomuuliza kama anakubali nikuandikie, alivuka kijito kwanza. Kisha akasema, "Andika. Mimi sengu gani tena naiogopa, wote tumebaki wanne."

Karatasi ya vipimo nimeiweka ndani ya daftari. Nilitumia simu ya mama yako kusoma mahali, na kila mahali nilisimama mimi mwenyewe. Utaona kitu ukizitia hizo tisa kwenye kompyuta. Zote ni ardhi inayolimwa. Fuko huyu hapendi pori la akina Hilari. Anapenda udongo tunaoulegeza sisi kwa majembe yetu na majani tunayoyafukia. Ramani yako ikiwa ya kweli, Editha, wekundu utahama. Utavuka kijito. Utakaa juu ya ntambo yetu, juu ya shamba la mjane wa Kornel, na juu ya kile kipande cha chini nilichosema kitakuwa chako. Menas amekwisha kusikia kwamba unakwenda kufanya kazi ya mafuko. Juzi sokoni alinishika mkono akasema, "Huyu ni mtoto wetu, atajua la kufanya." Unaelewa alichoomba.

Sikwambii ufanye nini. Mtu aliyesema "sina" siku ya kusema hana sauti hapa. Nakwambia tu uzito uko wapi, ili usije ukaukuta umeshaubeba bila kujua. Ukizifuta zile kumi na mbili, usizifute kimyakimya. Hao mabosi wako watauliza kwa nini, na jibu lina jina langu; litoe. Ukiziacha, basi ujue kwamba unaziacha ukijua, na hiyo ni kazi tofauti kabisa na ile niliyoifanya ya kujifanya sijui. Ni mbaya zaidi.

Jambo la mwisho. Jana nilikwenda kwa Winfrida. Bado anaishi kule kule, peke yake, nyumba nyingine, mbali na ubavu wa mlima. Nilikuwa sijawahi kuingia kwake tangu msiba. Nilimweleza yote, kuanzia sengu. Ilichukua muda wa kupukuchua ungo mzima wa mahindi, kwa sababu hakuacha kupukuchua. Nilipomaliza alisema, "Nilijua ni nyinyi. Nilikuwa sijui ni vipi."

Hakulia, na hakunifukuza. Akaniuliza kama ninayo hiyo ramani, kwa sababu yeye hakuwahi kuiona. Gazeti Otmar aliondoka nalo. Nilikuwa nayo, imekunjwa ndani ya daftari. Akafuta mikono kwenye khanga akaipokea, akaigeuza huku na huku, mpaka nikamwonyesha juu ni wapi. Aliiangalia muda mrefu.

"Kwangu ni wapi?"

Nikamwonyesha ile nyekundu.

"Nyumba iko wapi?"

"Nyumba haikuwekwa," nikasema. "Ramani za namna hii hazina nyumba. Zinaonyesha mnyama tu."

"Lakini walikunywa maji kwangu."

"Walikunywa."

Alinirudishia karatasi. Akachukua gunzi jingine, akaanza nalo.

"Huyo binti yako ndiye anachora nyingine?"

"Ndiye."

"Mwambie aziweke nyumba."

Najua hilo halimo kwenye kazi mliyopewa, na huenda kompyuta zenu hazina pa kuliweka jambo hilo. Nilimwambia nitakufikishia.

Baba yako